Nchi ikitoka chumbani, kura yake inahesabiwaje? Umoja wa Ulaya na Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki

MwalimuTanga aliuliza:

Ndugu zangu, nawasalimu nyote. Ninafundisha somo la Uraia katika sekondari moja mjini Tanga, na nimekuja na swali lililonishinda mbele ya darasa, ambalo sipendi kulijibu kwa kubahatisha.

Katika mada ya ushirikiano wa nchi, niliwasimulia wanafunzi kilichotokea Brussels tarehe 14 Desemba 2023, pale viongozi wa nchi 27 za Umoja wa Ulaya walipokuwa wakiamua kama waanze mazungumzo ya kuipokea Ukraine. Jambo la namna hiyo linahitaji nchi zote ziafiki, na Waziri Mkuu wa Hungaria, Viktor Orbán, alikuwa ametangaza waziwazi kwamba hakubali. Ulipofika wakati wa kuamua alitoka chumbani. Wenzake 26 waliobaki wakaafikiana, na uamuzi ukatangazwa kuwa ni wa Umoja mzima. Nililieleza jambo hilo kama mfano wa busara ya kidiplomasia, nikadhani nimemaliza. Msichana mmoja anayekaa dawati la nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, kama ilitakiwa wote wakubali na mmoja hakuwemo, hao wote walipatikana wapi?" Kabla sijajipanga, mvulana mwingine akaongeza kwamba amewahi kumsikia baba yake akisema mkutano wa marais wetu pale Arusha uliwahi kuahirishwa kwa sababu nchi moja tu haikufika.

Basi naomba kueleweshwa: kwa nini kiti kitupu Brussels kilihesabiwa kama ridhaa, na kiti kitupu Arusha kikahesabiwa kama pingamizi? Tena nasoma kwamba Umoja wa Ulaya hupitisha sheria zake nyingi kwa asilimia 55 ya nchi na asilimia 65 ya watu. Je, anayenyamaza katika hesabu hiyo huwekwa upande gani? Anayezifahamu taratibu zenyewe anieleze kwa utulivu, maana wanafunzi hawa hawataniacha.

MfasiriBrussels alijibu:

Mwalimu, salamu kutoka Ubelgiji. Mimi ni mzaliwa wa Unguja, na kazi ya kutafsiri imeniweka karibu na mambo haya kwa miaka mingi. Mwambie msichana huyo wa dawati la nyuma kwamba amegusa mahali ambapo hata wanasheria hupapasa.

Kwanza tutenganishe vikao viwili ambavyo majina yake huchanganya watu. Kuna Baraza la viongozi wakuu, yaani marais na mawaziri wakuu, ambalo hutoa mwelekeo na kwa kawaida huamua kwa maafikiano. Na kuna Baraza la mawaziri, ambalo hupitisha sheria pamoja na Bunge la Ulaya na ambalo ndilo hasa hupiga kura. Tukio la Desemba 2023 lilikuwa la kikao cha kwanza. Maafikiano humo hayana maana ya kwamba kila mmoja ametamka "ndiyo". Maana yake ni kwamba mwenyekiti ameuliza na hakuna aliyesimama kupinga. Mikataba ya Umoja inasema wazi kuwa hata pale inapotakiwa kauli moja, mjumbe aliyepo au aliyewakilishwa akijizuia kupiga kura, kujizuia kwake hakuzuii uamuzi kupita. Akidi ya kupigia kura katika Baraza hilo ni theluthi mbili ya wajumbe, na kiongozi anaweza kumkabidhi mwenzake mmoja kura yake. Kwa hiyo nyumba yenyewe imejengwa kwa namna ambayo mtu mmoja akitoka, haibomoki.

Orbán alijua vizuri mlango ule una maana gani. Iliripotiwa sana kwamba Chansela wa Ujerumani wa wakati huo, Olaf Scholz, ndiye aliyempendekezea atoke kidogo akanywe kahawa. Kama angebaki kitini na kusema "hapana", jambo lingekufa pale pale. Ushahidi ni kwamba usiku ule ule lilipokuja suala la pili, la msaada wa yuro bilioni 50 kwa Ukraine, alibaki kitini akakataa, na fedha zikakwama hadi tarehe 1 Februari 2024. Ni mtu mmoja, usiku mmoja, na masuala mawili yaliyohitaji ridhaa ya wote; lililopita ni lile alilolitokea nje. Wanafunzi wako wakishika hilo, wameshika nusu ya jibu.

Nusu ya pili ni ya mawaziri, na huko ukimya una uzito mwingine kabisa. Zile asilimia ulizozitaja ndizo zinazotumika tangu tarehe 1 Novemba 2014: ili pendekezo la Tume ya Ulaya, chombo kinachoandaa sheria za Umoja, lipite, linahitaji asilimia 55 ya nchi, ambazo leo ni 15 kati ya 27, na nchi hizo ziwe na angalau asilimia 65 ya wakazi wote wa Umoja. Angalia neno "wote", Mwalimu. Hawahesabu waliohudhuria wala waliopiga kura. Wanahesabu nchi zote na watu wote. Matokeo yake ni kwamba anayejizuia hakuongeza kitu upande wa "ndiyo", na kwa kuwa kigawanyo hakipungui, ukimya wake ni sawasawa na kupinga. Katika kauli moja kunyamaza humsaidia anayetaka jambo lipite. Katika kura ya wingi kunyamaza humsaidia anayetaka lisipite. Mtu mmoja, ukimya ule ule, na matokeo yanapinduka.

Nikupe mfano utakaowaamsha hata wanaosinzia. Tarehe 17 Juni 2024, mawaziri wa mazingira walikutana Luxembourg kupigia kura sheria ya kurejesha mazingira asilia, inayotaka angalau asilimia 20 ya maeneo ya nchi kavu na bahari ya Umoja iwe imewekewa hatua za kuirejesha ifikapo 2030. Kura hiyo ilikuwa imeahirishwa mwezi Machi baada ya Hungaria kuondoa uungaji mkono wake na hesabu kupelea. Siku ya Juni, waziri wa Austria, Leonore Gewessler, alifika akapiga kura ya "ndiyo", ingawa Chansela wake, Karl Nehammer, alikuwa ameshaiandikia Ubelgiji, iliyokuwa mwenyekiti wa zamu, kwamba Austria itajizuia. Mwenyekiti aliipokea kura ya waziri aliyekuwepo kitini. Sheria ikapita kwa nchi 20 zenye asilimia 66.07 ya watu wa Umoja. Austria peke yake ina karibu asilimia 2. Sasa waambie wanafunzi waitoe Austria na kuiweka kwenye kujizuia, kisha watazame kama 65 inafikiwa. Ubelgiji yenyewe, pamoja na kuendesha kikao, ilijizuia kwa sababu mikoa yake haikuafikiana, na kujizuia huko kulihesabika dhidi ya sheria kama zilivyohesabika kura sita za wapinzani.

Kuna kifungu kimoja cha ziada ambacho hupita bila kuonekana. Nchi kubwa tatu, tuseme Ujerumani, Ufaransa na Italia, kwa pamoja zina watu wengi zaidi ya asilimia 35, na kwa hesabu tupu zingeweza kuzuia sheria yoyote. Mkataba umewafungia mlango huo: ili kuzuia, lazima wawe angalau nchi nne. Mkubwa analazimika kumtafuta mwenzake wa nne, na mara nyingi huyo huwa ni mdogo anayejua thamani yake imepanda.

MzeeKaratasi alijibu:

Mwalimu, nimestaafu sasa, nipo hapa Arusha na bustani yangu. Kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi niliandika mihtasari ya vikao vya kikanda, na nitajibu upande wa kwetu, kwa kuwa ndugu wa Brussels ameueleza upande wake kwa ufasaha.

Katika miaka yote ile sikuwahi kuhesabu mkono ulionyooshwa. Kikao huanza na wataalamu, kisha makatibu wakuu, mwisho mawaziri, na taarifa huonyeshwa ukutani, ikasomwa aya kwa aya, mara nyingi hadi usiku, chai ikiwa imepoa na madereva wamelala magarini. Wajumbe wa nchi zote wanaweza kuwa wamekubaliana juu ya aya fulani kwa siku tatu. Halafu mjumbe mmoja anabonyeza kipaza sauti na kusema, "Mheshimiwa Mwenyekiti, tunaomba muda wa kushauriana na nyumbani." Hakuna anayemuuliza sababu. Mwandishi anafuta kitenzi "liliamua" na kuandika "liliagiza mashauriano zaidi", na aya hiyo inarudi mwaka unaofuata ikiwa na kitenzi kile kile. Mimi ndiye niliyekuwa nikifuta.

Sheria yenyewe ndivyo ilivyo. Mkataba wa Jumuiya, uliotiwa saini hapa Arusha tarehe 30 Novemba 1999, unasema Mkutano wa Wakuu wa Nchi utaamua kwa maafikiano, na msingi wa Baraza la Mawaziri ni huo huo. Mkataba umetoa nafasi moja ya wazi ya kumweka mwanachama kando: nchi inapofikiriwa kusimamishwa au kufukuzwa, maoni yake hayahesabiwi, kwa maana hata kijiji hakimruhusu mshtakiwa kuwa hakimu wa kesi yake. Zaidi ya hapo, kila nchi ina breki yake mkononi. Na alichokisema baba wa yule mvulana ni kweli. Mkutano wa marais uliokuwa ufanyike hapa tarehe 30 Novemba 2018 uliahirishwa kwa sababu Burundi haikuwakilishwa, na akidi ilitaka nchi zote ziwepo. Ukaja kufanyika tarehe 1 Februari 2019.

Hata Bunge letu la Afrika Mashariki, ambalo hupiga kura kama mabunge mengine na kuamua kwa wingi wa waliopo, limefungwa kamba hiyo hiyo mlangoni. Kila nchi inachagua wabunge 9, iwe Tanzania au Burundi, na akidi ni nusu ya wabunge wote wa kuchaguliwa, lakini ndani ya nusu hiyo lazima iwemo angalau theluthi moja ya wabunge wa kila nchi. Theluthi ya 9 ni 3. Maana yake ni kwamba wabunge 7 wa nchi moja wakibaki hotelini, ukumbi mzima, hata ukijaa wa nchi nyingine, hauna uwezo wa kikanuni wa kuamua jambo. Desemba 2017, wakati wa kumchagua Spika, wabunge wa Tanzania na Burundi waligoma kuingia. Uchaguzi ukafanyika, Martin Ngoga wa Rwanda akachaguliwa, na Burundi ikaenda Mahakama ya Afrika Mashariki kulalamikia akidi. Kisha usisahau kwamba muswada ukishapitishwa na Bunge unahitaji ridhaa ya kila Mkuu wa Nchi, na ukirudishwa na kuwasilishwa upya, akikataa mmoja unakufa.

Vijana wengi huona utaratibu huu kuwa ni woga. Mimi nauona kama kovu. Jumuiya ya kwanza, ya 1967, ilisimama juu ya marais watatu, na baada ya Idi Amin kuipindua serikali ya Uganda Januari 1971, Mwalimu Nyerere alikataa kukaa naye meza moja. Chombo cha juu cha Jumuiya kikawa hakikutani. Reli, bandari, posta na ndege zikaendelea kwa mazoea kwa miaka kadhaa, mpaka 1977 zilipogawanywa, na nakumbuka marafiki wa baba yangu waliorudishwa makwao wakiwa na masanduku na barua za kustaafishwa. Waliokaa kuandika mkataba wa 1999 walikuwa watu waliouona mgawanyo ule. Hawakutaka nchi yoyote iseme kwamba ilishindwa kura na wenzake.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo sikulikubali nilipokuwa kazini na sijalikubali leo. Kukataa ni haki ya mwanachama. Kutokuja ni jambo jingine. Anayetaka kukataa aje akatae, aseme sababu, iandikwe, na wenzake waisikie. Akidi yetu inampa asiyekuja nguvu ile ile ya aliyekuja akapinga, na tena inamwondolea mzigo wa kueleza.

WakiliPwani alijibu:

Mzee wetu, shikamoo. Nakuandikia kutoka Mombasa, na nakubaliana nawe juu ya kiti kitupu, lakini nina neno juu ya maafikiano yenyewe, kwa kuwa nimeona yanavyofanya kazi mahali ambapo biashara inahusika.

Maafikiano hayazuii mambo kutendeka. Mara nyingi huyasukuma yatendeke nje ya nyumba. Chukueni mkataba wa ubia wa kiuchumi kati ya Jumuiya na Umoja wa Ulaya. Mazungumzo yalikamilika Oktoba 2014, ilitakiwa nchi zote zitie saini kama kambi moja, na mwaka 2016 Tanzania ikasema haipo tayari, ikihofia viwanda vyake vichanga. Hoja hiyo ilikuwa na uzito wake, nami siibezi. Kenya na Rwanda zilitia saini Septemba 2016. Lakini saini mbili hazikuwa Jumuiya. Kwa Kenya hatari ilikuwa ya wazi, kwa sababu tofauti na majirani zake haikuwa katika kundi la nchi maskini zaidi zinazoingiza bidhaa Ulaya bila ushuru. Wakulima wa maua wa Naivasha walikuwa wakisikiliza matangazo ya mikutano kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Februari 2021 marais waliruhusu anayetaka aendelee mwenyewe. Kenya ikatia saini mkataba wake Nairobi tarehe 18 Desemba 2023, na ukaanza kutumika tarehe 1 Julai 2024. Tulitumia karibu miaka kumi kufika mahali ambapo nchi moja ina mkataba wake na nyingine hazina.

Mkataba wa Jumuiya unalo jina la njia hiyo ya kila mmoja na mwendo wake, na mwaka 2009 Mahakama ya Afrika Mashariki ilitoa ushauri kwamba njia hiyo inaweza kukaa pamoja na maafikiano, kwa kuwa kuafikiana juu ya uamuzi hakulazimishi wote wautekeleze kwa wakati mmoja. Ndivyo raia wa Kenya, Uganda na Rwanda walivyoanza kusafiri baina yao kwa vitambulisho vya taifa. Ni ushauri mzuri, lakini kila anapotangulia mmoja, wengine wanajifunza kwamba wanaweza kubaki.

Nikimrudia Mwalimu na swali la kuhesabu, wanafunzi wako watauelewa vizuri zaidi mfano wa Addis Ababa wa tarehe 15 Februari 2025, maana nyumba nyingi hapa Pwani zilikuwa mbele ya televisheni. Umoja wa Afrika ulikuwa ukimchagua Mwenyekiti wa Kamisheni, na mshindi alihitaji theluthi mbili. Theluthi mbili ya nani? Umoja una nchi 55, ila 6 zilikuwa zimesimamishwa na hazikuruhusiwa kupiga kura, kwa hiyo hesabu ilifanywa juu ya 49, na theluthi mbili yake ni 33. Raila Odinga aliongoza raundi ya kwanza kwa kura 20 dhidi ya 18 za Mahmoud Ali Youssouf wa Djibouti. Ilipofika raundi ya sita Youssouf alikuwa na 26 na Raila 22. Kura 26 ni zaidi ya nusu, lakini hazikumtosha. Raila akajiondoa, Youssouf akabaki peke yake kwenye raundi ya saba, na hata akiwa peke yake ilibidi apigiwe kura upya. Akapata 33 kamili. Hapo kuna aina ya tatu ya kiti kitupu: kiti kilichoondolewa kabisa mezani, kikapunguza kigawanyo. Ulaya asiyesema anabaki kwenye kigawanyo, na Addis aliyesimamishwa anatolewa. Kabla ya kuuliza nani ameshinda, wafundishe wanafunzi kuuliza hesabu inagawanywa kwa ngapi.

MfasiriBrussels alijibu:

Shikamoo Mzee, na asante Wakili. Maneno ya Mzee kwamba anayetaka kukataa aje akatae yamenirudisha kwenye historia ya huku, kwa kuwa Ulaya nayo ilipita kwenye kiti kitupu ikajeruhiwa.

Mwaka 1965 Jumuiya ya Ulaya ilikuwa na nchi sita tu, na ilipangwa kwamba kuanzia Januari 1966 mambo mengi zaidi yaanze kuamuliwa kwa kura ya wingi badala ya kauli moja. Rais Charles de Gaulle hakutaka Ufaransa ishindwe kura. Kulikuwa pia na ugomvi juu ya fedha za kilimo na juu ya madaraka ya Tume, na kuanzia Julai 1965 Ufaransa ikawaondoa wawakilishi wake kwenye Baraza. Kwa takriban miezi saba kiti chake kilikuwa kitupu, na wale watano hawakuthubutu kuamua makubwa bila yeye, japo sheria za kura zingewaruhusu baadhi ya mambo. Suluhu iliyofikiwa Luxembourg mwishoni mwa Januari 1966 haikuugusa mkataba hata kidogo: zilikubaliana kuandika kwamba Ufaransa inaona, pale maslahi makubwa ya nchi yanapoguswa, mazungumzo yaendelee hadi wote waafikiane, na kwamba nyingine tano hazioni hivyo. Walikubaliana kuandika kwamba hawakubaliani. Kwa miaka mingi baadaye kura karibu hazikupigwa, ingawa vifungu vya kura vilikuwepo kwenye karatasi.

Ilichukua muda huo kuzoea tena. Mei 1982 Uingereza ilijaribu kuzuia bei mpya za mazao kwa kudai maslahi makubwa, na safari hii wenzake wakapiga kura wakaipita. Kuanzia hapo, na hasa baada ya marekebisho ya mkataba yaliyoanza kutumika 1987, kura ya wingi ilirudi kuwa jambo la kawaida.

Lakini sitaki kumpa Wakili ushindi wote, kwa sababu hofu ya Mzee nayo imethibitika huku. Septemba 2015, wakati wakimbizi wengi walipokuwa wakiingia Italia na Ugiriki, mawaziri walipitisha kwa kura ya wingi mpango wa kuwagawa watu 120,000 baina ya nchi wanachama. Jamhuri ya Cheki, Slovakia, Hungaria na Romania zilipinga zikashindwa. Hungaria na Slovakia zikaenda Mahakama ya Ulaya, zikashindwa tena Septemba 2017. Sheria ilikuwa upande wa walioshinda kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hata hivyo Hungaria haikumpokea hata mtu mmoja chini ya mpango ule, na waliohamishwa kwa jumla, pamoja na mpango mwingine wa watu 40,000 uliotangulia, hawakuzidi sana 35,000. Niliwahi kutafsiri kwa familia moja ya Burundi iliyokuwa ikifuata maombi yao ya hifadhi kwa utaratibu mwingine, na kwenye ukumbi ule wa kusubiri nilimwona kijana wa Eritrea ameshika karatasi yenye jina la nchi asiyoweza kwenda, kwa kuwa nchi hiyo ilishindwa kura lakini haikushindwa kufunga mlango. Ndiyo maana hata leo, pale ambapo kura ya wingi inaruhusiwa, mawaziri huku hujaribu kwanza kuafikiana na huiacha kura iwe ya mwisho. Kujua kwamba kura inaweza kuitishwa ndiko kunakomfanya mkaidi alainike mezani.

MwalimuTanga aliandika:

Wazee wangu na ndugu zangu, shikamooni wote mnaostahili. Nimeyachapa majibu haya nikayasoma mara mbili. Jumatatu nitawapa ile hesabu ya Austria waifanye wenyewe bila kuwaambia ilivyokwisha, halafu niwape ya Addis, na msichana wa dawati la nyuma nitampa aya ya Mzee kuhusu akidi aisome mbele ya wenzake kwa sauti.

Mzee, nina ombi. Kidato cha nne wana safari ya mafunzo kuja Arusha mwezi ujao. Je, inawezekana waingie Bungeni wakati wa kikao, na kama inawezekana, watazame nini, maana najua wakiingia bila kuelekezwa watatazama majoho na kamera?

MzeeKaratasi alijibu:

Marahaba, Mwalimu. Inawezekana, vikao vina nafasi ya wageni, na shule huja. Andika barua mapema kwa ofisi ya Katibu wa Bunge, na uthibitishe kwanza kwamba kikao cha mwezi huo kiko hapa, kwa kuwa wakati mwingine Bunge hukutana kwenye miji mikuu ya nchi wanachama.

Waingie kabla kengele haijapigwa, kila mwanafunzi awe na karatasi yenye majina ya nchi nane na penseli. Wasihangaike na hotuba. Kila mbunge anapoingia waweke alama chini ya nchi yake, na mtu aliyekaa dawati la nyuma ndiye awe mhesabuji mkuu. Nchi yoyote iliyo chini ya alama tatu, aizungushie duara, kisha atulie aone kama kuna mbunge atakayesimama kuiuliza meza ya Spika juu yake.

Mkifika, niambie. Nitakuja na mhtasari mmoja wa zamani ulio wazi kwa umma, niwaonyeshe kitenzi kilivyokaa.